Chunusi za ukubwani: tibu chunusi kwanza, doa litafuata

Kwenye ngozi nyeusi kama zetu, chunusi yenyewe mara nyingi haikai sana. Inatoka, inaiva, inakauka. Kinachobaki ni doa, na doa linaweza kukaa miezi. Ndiyo maana wengi wetu tukisimama mbele ya kioo tunahesabu madoa, na tukienda dukani tunaomba kitu cha kuondoa madoa. Hapo ndipo pesa zinapopotea na, kwa wengine, uso unapoharibika kabisa.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Nimevuka miaka thelathini, na chunusi ambazo kila mtu aliniambia zitaondoka na usichana zilihamia kidevuni na kwenye taya, zikawa zinachachamaa kila hedhi ikikaribia. Ukikaa dukani kutwa ukitazamana na wateja, kila mtu ana dawa yake: paka ndimu, paka dawa ya meno, na yule anayekuvuta pembeni akakuambia yuko mama fulani anakoroga krimu, wiki moja tu uso unakuwa laini. Leo uso wangu umetulia. Ulitulizwa na vitu vichache nilivyovipaka kwa miezi mingi bila kubadilisha, na ningependa uvijue kabla hujafika kwa huyo mama.

Chunusi huanza ndani ya ngozi wiki kadhaa kabla hujaiona. Kitundu cha ngozi kinazibwa na mafuta na seli zilizokufa, bakteria wanaongezeka humo, mwili unapambana nao, panavimba. Kwa mtu mweusi, ule uvimbe unachochea seli zinazotengeneza rangi ya ngozi kutengeneza nyingi kupita kiasi. Hilo ndilo doa. Kwa hiyo kila chunusi unayoizuia leo ni doa ambalo hutaliona mwezi ujao, na ukifuta madoa huku chunusi zinaendelea, utafuta mwaka mzima.

Sasa mkorogo. Naomba nikae hapa kidogo, maana nimewaona dada zangu wengi wakiumia. Krimu nyingi za kukorogwa huwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni dawa za kutuliza uvimbe. Ukizipaka kwenye uso wenye chunusi, uvimbe unatulia ndani ya siku chache, ngozi inang'aa, unamshukuru aliyekuuzia. Baada ya wiki au miezi ngozi inakuwa nyembamba, inawaka juani, na ukiacha kupaka tu, uso mzima unafumuka vipele vinavyofanana. Unarudi kununua tena, kwa sababu ndicho pekee kinachovituliza. Mdogo wangu alinaswa humo. Kumtoa kulihitaji daktari, na kulihitaji moyo wake mwenyewe, maana kipindi cha kuacha uso huwa mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo, na mtu anaona aibu hata kwenda dukani kununua vocha.

Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango, na dawa zinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kikopo kisicho na maandishi ya viambato, kilichochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, hakijapita kwa yeyote kati yao.

Nilichopaka mimi ni adapalini ya asilimia 0.1, usiku. Hii ni dawa ya jamii ya vitamini A inayozuia vitundu vya ngozi kuziba, yaani inakamata chunusi kabla haijazaliwa. Marekani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2016; hapa kwetu muulize mfamasia au daktari, na nunua kwenye famasi, siyo kwa mtu wa mtandaoni. Inapakwa uso mzima, siyo juu ya chunusi moja moja. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha paji, mashavu na kidevu. Ukizidisha hauponi haraka, unababuka tu. Anza usiku mmoja, ruka mmoja au miwili, ngozi ikizoea ndipo upake kila usiku. Osha uso, ukauke kabisa, paka, kisha losheni nyepesi juu. Ngozi ikiwa ngumu kuvumilia, tanguliza losheni.

Wiki za mwanzo uso unaweza kupukutika, na chunusi zinaweza hata kuongezeka kidogo. Wengi huacha hapo. Dawa hii hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu zile chunusi zilizokwisha kuanza ndani zinahitaji muda wa kutoka. Kuna mteja wangu alibadilisha krimu kila mshahara ukitoka. Hakuna hata moja aliyoipa nafasi ya kufanya kazi.

Kama una mimba au unatafuta mtoto, adapalini iache. Muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo hutumika hata kwa wajawazito na ina faida mbili, inapunguza chunusi na inafifisha madoa taratibu. Ningeitaja kwanza kabisa kama ingekuwa inapatikana kirahisi.

Asubuhi nilitumia benzoili peroksaidi, inayoua bakteria wa chunusi. Chukua ya asilimia 2.5, ya 10 haiizidi sana kwa kazi ila inaunguza zaidi. Mimi naipaka dakika chache kisha nasuuza, na kwa joto la Dar hiyo inanifaa kuliko kukaa nayo kutwa. Angalizo kutoka kwa mwenye duka la vitambaa: inachujua rangi. Foronya, taulo, kola ya gauni, khanga unayojifutia, vyote vitapata mabaka meupe. Tumia taulo jeupe. Na kama daktari anakupa antibiotiki ya kupaka kama klindamaisini, muulize kuhusu kuitumia pamoja na benzoili peroksaidi, kwa sababu ikitumiwa peke yake bakteria huizoea.

Halafu jua. Nilidhani losheni ya kukinga jua ni ya wazungu, mpaka daktari aliponieleza kwamba jua ndilo linalolikoleza doa na kulichelewesha kufifia. Wenzetu wenye ualbino wanaijua thamani ya losheni hii kuliko sisi sote. Pale hospitali ya KCMC Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992, ndiko walikoanza kutengenezewa losheni yao iitwayo Kilisun. Kwa sisi wenye weusi wa kutosha, shida ni zile zinazoacha uso mweupe kama umepakwa unga. Tafuta ya majimaji au ya jeli, yenye SPF, yaani kipimo cha kukinga jua, ya 30 kwenda juu, na kama utapata yenye rangi ya ngozi yako ni bora zaidi, kwa sababu rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao unakoleza madoa. Juu yake vaa kofia au vuta mtandio.

Kuhusu dawa za nyumbani, sitaki kuwagombeza mama zetu. Mama mdogo wangu yuko Tanga na liwa yake naipenda, inapoza na inanukia. Ila kipande cha singo chenye chenga usikisugulie uso wenye chunusi, kitazichana na kuongeza madoa. Ndimu niseme wazi: usiipake. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi mpaka malengelenge, na pakipona panabaki weusi mkubwa kuliko doa ulilokuwa unalifuta. Dawa ya meno inababua. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini, lakini usoni kwa mwenye chunusi yanaziba.

Angalia pia nywele. Kama vipele vimejipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele, mshukiwa wa kwanza ni mafuta ya nywele na ile jeli ya kusukia. Mwambie msusi asikupake mpaka ngozini, na usiku funga kitambaa safi kisichoteremka usoni.

Na kuna vipele ambavyo siyo chunusi kabisa. Miezi ya joto, kuanzia Desemba mpaka Machi, jasho halikauki, na watu wengi hutokwa na vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha, kwenye paji, kifuani na mgongoni. Vikiwasha, fikiria fangasi. Hivyo havisikii dawa za chunusi, na antibiotiki zinaweza kuvizidisha. Vinatibiwa kwa dawa za fangasi kama ketokonazoli. Mtu anaweza kupambana navyo miaka kwa dawa isiyo yake.

Kina dada, kama hedhi inaruka miezi na nywele zinaota kidevuni pamoja na chunusi, usiishie kwenye krimu. Nenda ukapimwe homoni. Hata njia ya uzazi wa mpango inahusika: vidonge vyenye homoni mbili huwa vinapunguza chunusi, wakati sindano na vijiti kwa baadhi yetu huziongeza. Usikimbilie kutoa kijiti kwa ajili ya uso. Zungumza kwanza na nesi anayekuhudumia.

Chunusi zikiwa mafundo makubwa yanayouma na kuacha makovu ya mashimo, usisubiri wiki 12 za krimu. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, na daktari ana dawa za kumeza ambazo hazipaswi kununuliwa dirishani. Isotretinoini ni mojawapo, inafanya kazi kubwa, na inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo haigusi midomo ya mwanamke asiyekinga mimba.

Najua wengi hununua mkorogo kwa sababu ya tarehe. Kuna harusi, kuna kitchen party, sare imeshashonwa. Ukiwa bado na miezi mitatu, anza adapalini leo. Zikibaki wiki mbili, usianze kitu chochote kipya. Endelea na unachokizoea, na fundo moja kubwa mpelekee daktari wa ngozi, anaweza kulichoma sindano likanywea ndani ya siku chache. Ndiyo, sindano hiyo nayo ni steroidi, lakini ni kipimo kidogo, mahali pamoja, kwa mkono unaojua. Mpambaji mwambie mapema kwamba una chunusi, aje na brashi zilizooshwa na fondesheni isiyo ya mafuta, na usiku huo, hata kama mmerudi saa nane, nawa uso kabla hujalala.