Re: Mama ana sukari, je upasuaji wa kupunguza tumbo utamsaidia?

Dadangu wa Malindi, umeuliza kama mamako akifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani ule wa kupunguza mfuko wa chakula ili mtu apungue uzito, sukari na presha zitashuka kweli. Mara nyingi zashuka, na sukari huanza mapema hata kabla uzito haujapungua sana maana homoni za utumbo nazo hubadilika, ndo maana dawa asipunguze mwenyewe, daktari apime apange upya la sivyo sukari yaweza kushuka ghafla azirai. Shangazi yangu hapa Lamu, naye alifanyiwa upasuaji huu, kabla yake alikua akipanda ngazi za nyumbani asimama kila daraja ashikilia goti, sasa apanda na kikapu cha samaki mkononi, na kule kukoroma na kukatika pumzi usiku kumeisha alhamdulillah. Lakini vitamini, hasa B12, na madini ya chuma ni za kutumia maisha yote baada ya upasuaji, hapo msilegee kabisa.