Mbuzi haharishi wala hakohoi, mbona anabaki nyuma?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga mbuzi kumi na wanne huku Handeni. Jike mmoja, ana mtoto wa mwezi mmoja na nusu anayenyonya, tangu wiki iliyopita hana raha. Machungani anabaki nyuma, akipata kivuli analala. Anakula ila kwa kuchaguachagua. Haharishi, hakohoi, mavi yake ni gololi kama ya wenzake. Halafu jioni naona kama amevimba chini ya taya, lakini asubuhi pamenywea, nikadhani ni macho yangu tu. Jirani ananiambia nimchome tetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria. Nimchome?

JIBU: Marahaba. Bomba la sindano liweke kwanza. Macho yako hayajakudanganya, na hilo la taya ulilolitaja mwishoni ndilo ningelianza nalo.

Mbuzi anapopungukiwa damu, maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kukusanyika sehemu iliyo chini. Akishinda ameinamisha kichwa akila majani, sehemu hiyo ni chini ya taya. Usiku akilala kichwa kimeinuka, maji hurudi, ndiyo maana asubuhi huoni kitu. Paguse jioni: pakiwa baridi, pamelegea kama mfuko wa maji na hashtuki, ni uvimbe ninaousema. Pakiwa pagumu, upande mmoja tu, huenda ni jipu, na hiyo ni habari nyingine.

Kesho asubuhi, kabla ya kumkamata, simama pembeni uangalie ubavu wake ukipanda na kushuka kwa dakika nzima. Mbuzi mzima aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30. Ukishamkimbiza hesabu hiyo haina maana tena. Na huyu usimkimbize kabisa: mbuzi mwenye damu kidogo anaweza kuanguka na kufa mikononi mwako kwa sababu ya purukushani tu.

Kisha mpime joto kwa kipimajoto, njia ya haja kubwa, ukikilaza kidogo kiguse ukuta wa ndani. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, aliyetoka juani anaweza kukaribia 40, ndiyo maana nasema asubuhi. Akizidi 40 akiwa bandani na pakiwa na ubaridi, ana homa, na hapo wazo la jirani lina mahali pake, ila mtaalamu amwone kwanza. Akiwa chini ya 38, usingoje, piga simu siku hiyohiyo. Weka pia ngumi kwenye ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, uibane kidogo: tumbo linapaswa kujiviringisha mara moja au mbili kila dakika.

Sasa jicho, penye mwanga wa jua. Kwa kidole gumba sukuma kope ya juu ilifunike jicho, kwa kingine vuta kope ya chini, utazame utando wa ndani kabla haujabadilika rangi kwa kushikwa. Wataalamu hutumia kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye rangi tano: namba 1 ni nyekundu iliyokolea, namba 5 ni nyeupe kama karatasi. Huna kadi? Mfungue jicho mbuzi wako mwenye afya kuliko wote, kisha huyu. Tofauti utaiona.

Akiwa mweupe, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni mnyoo wa tumbo anayenyonya damu, Haemonchus. Mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Wakiwa elfu moja, ni mililita 50 kila siku. Mnyoo jike hutaga mayai maelfu kwa siku, na mvua ikinyesha nyasi hujaa mabuu. Mnyoo huyu kwa kawaida haharishi mbuzi, na hapo ndipo wafugaji wengi hupotea, kwa sababu tumezoea kuamini minyoo ni kuhara. (Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza kazini nilimchoma jike wa namna hii sindano siku tatu, hadi kijana mchungaji akaniuliza kama nimemwangalia jicho.) Jike anayenyonyesha hulemewa zaidi, kinga yake hushuka karibu na kuzaa na wiki zinazofuata. Kupe wengi na minyoo ya ini nao huleta weupe huo, kwa hiyo mpapase masikio na chini ya mkia.

Tetrasaiklini haiui minyoo. Anahitaji dawa ya minyoo, na mtaalamu wa mifugo akupangie dozi kwa uzito. Usikisie kwa chini: dozi ndogo huacha minyoo sugu. Mnyweshe taratibu juu ya ulimi bila kumwinua sana kichwa, dawa isiingie mapafuni. Soma kwenye chupa ni siku ngapi maziwa yasinywewe na watu. Mpe majani ya miti na pumba, abaki karibu na banda, asitembezwe mbali.

Wengine kumi na wawili wakubwa usiwanyweshe kwa mkumbo. Wafungue macho, watibu wenye weupe. Na kundi litoke umande ukishakauka, maana mabuu hupanda majani yakiwa na unyevu.

Mwangalie tena jicho baada ya siku 14. Kama rangi haijarudi, huenda dawa hiyo imeshazoeleka kwenye minyoo yenu. Chukua mavi mabichi kutoka kwake mwenyewe, si ya chini, uyapeleke yakiwa baridi siku hiyohiyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Tanga. Na huyo mtoto, kwa umri wake ameshaanza kudonoa nyasi, mfungue jicho naye.