Gesi yangu imezidi masi ya galaksi nzima: nimekosea wapi?

Swali: Nasoma fizikia chuoni na natengeneza modeli ya gesi ya moto inayoizunguka Njia Nyeupe. Nimechukua elektroni 0.001 kwa kila sentimita ya ujazo, nikaieneza gesi hiyo hadi kiloparseki 250 (kiloparseki 1 ni miaka ya nuru 3,260 hivi). Masi inatoka karibu trilioni 2 za Jua!

Jibu: Nimeirudia hesabu yako na nimepata jibu lilelile, kwa hiyo kuzidisha umezidisha vizuri. Lakini galaksi yote, pamoja na mata nyeusi (mata isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa mvutano wake tu), ina masi ya Jua trilioni 1 hivi. Kosa ni kuitandaza gesi sawasawa kila mahali.

Namba yako ya elektroni 0.001 inatokana na vipimo vya mwanga wa eksirei. Gesi hii ina joto la kelvini milioni 2 hivi, na hung'aa elektroni zinapogongana na ioni. Mgongano unahitaji pande mbili, ndiyo maana mwanga hufuata mraba wa msongamano: gesi ikipungua mara 10, mwanga hupungua mara 100. Darubini basi inakupa habari za gesi ya jirani tu. Ufyonzaji ni tofauti. Oksijeni ya gesi hii iliyobakiwa na elektroni 2 hufyonza eksirei za kwasa (viini ving'avu sana vya galaksi za mbali) zilizo nyuma yake, na kiasi kinachofyonzwa hufuata msongamano wenyewe, bila mraba. Gawanya kipimo cha mwanga kwa kile cha ufyonzaji, utapata msongamano wa wastani unaoutafuta.

Kisha acha msongamano ushuke kadiri unavyokwenda mbali. Mbali na kitovu, kipeo cha -1.5 cha umbali ni mwanzo mzuri. Cha kuushikiza ni Wingu Kubwa la Magellan, lile doa la ukungu unaloliona upande wa kusini ukiwa Mbeya usiku wa Januari. Liko kiloparseki 50 kutoka kwetu na linakwenda kasi. Upande wake wa mbele gesi yake imekatika wakati nyota zinaendelea, kwa sababu upepo wa gesi ya moto umeisukuma nyuma. Mimi kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, maana hakitegemei mwanga wa gesi yenyewe. Kinatoa elektroni 0.0001 hivi mahali pale.

Ukianzia hapo, masi hadi kiloparseki 250 ni kama bilioni 34 za Jua, na zaidi ya nusu yake iko nje ya kiloparseki 150, ambako eksirei karibu hazioni kitu. Kwa hiyo usikiamini kipeo kimoja. Kwa -1 utapata bilioni 57, kwa -2 bilioni 23. Chora mistari yote mitatu kwenye grafu moja kabla hujampelekea msimamizi wako.