Nimonia haiingilii kwenye kifua kisicho na sweta

SWALI: Daktari, nina mtoto wa siku 12, naishi Mbagala. Mama mkwe anataka avae sweta, kofia ya sufu, soksi na glavu, kisha afunikwe blanketi asije akapata nimonia. Nikimpunguzia, nikimgusa mikono naikuta ya baridi, naogopa, namrudishia. Analia mno na shingoni ametoka vipele. Nimvalishe nini hasa?

JIBU: Vipele hivyo vinaelekea kuwa harara, na kilio nacho huenda ni cha joto. Mvue sweta sasa hivi. Kwa mchana wa Mbagala, fulana ya pamba na nepi vinamtosha, usiku mwongezee suruali nyepesi. Jiangalie wewe: ulivyovaa ukajisikia vizuri, yeye mzidishie nguo moja tu. Nguo za mtumba zifue kwanza. Mikono isikutishe, vichanga wengi huwa nayo ya baridi hata wakiwa wazima. Gusa nyuma ya shingo au kifuani, ukikuta jasho ujue umemzidishia.

Ya nguo yameisha. Linalonikera ni hiyo nimonia.

Kila kliniki naletewa mtoto aliyefungashwa kama mzigo wa kwenda mkoani, namfungua tabaka baada ya tabaka, na sababu ni ileile: “asipigwe na baridi”. Nimonia huletwa na vijidudu, navyo mara nyingi hutoka kwa mtu anayekohoa. Blanketi tatu hazizuii kikohozi cha shangazi aliyekuja kumwona mtoto akambusu mdomoni. Moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba nao unamwumiza mapafu, lakini sijawahi kuulizwa habari za jiko. Naulizwa kofia.

Simpuuzi mama mkwe. Saa za kwanza baada ya kuzaliwa ngozi ya mtoto ina majimaji, hupoa upesi, na kofia ina kazi yake. Njiti na aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anahitaji joto zaidi, na lililo bora ni la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Ungekuwa Makete mwezi wa saba ningekuambia sweta ibaki. Ila kulala na kofia na blanketi zito katika joto la Dar ni hatari, maana kuzidiwa na joto usingizini ni moja ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya vichanga.

Halafu kuna mkasa unaofuata, nao nimeuona mara nyingi kuliko ninavyotaka. Mtoto amefunikwa mpaka mwili umepanda nyuzi 38. Nyumbani wanasema homa. Jirani anasema hiyo si homa ya hospitali, ni meno ya plastiki, au ni kimeo, na anamjua mzee wa kukitoa. Hakuna meno ya plastiki! Anachokwangua huyo mzee ni vijino ambavyo bado havijaota, na kimeo ni kinyama ambacho kila mtu anacho kooni, wewe na mimi. Wembe wake haujachemshwa. Wanaoletwa kwangu baada ya hapo wanavuja damu au wana maambukizi, na mzee haonekani tena.

Kwa hiyo mtoto akichemka, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, subiri kama nusu saa, kisha mpime kwa kipimajoto. Kawaida ni 36.5 hadi 37.5. Ikibaki juu ya hapo, mpeleke. Na usisubiri nusu saa yoyote kama anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, au kifua kinabonyea kwa ndani kila akivuta pumzi, au amegoma kunyonya: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na njiani msipitie kwa mtu yeyote.