Fashfash iliyogoma haifunguliwi, mkuu

Mkuu, salamu baadaye. Umeandika kwamba fashfash yako ya tatu, fataki ya kupaa uliyojitengenezea nyumbani, imegoma, utambi uliungua ukaingia ndani halafu kimya, na sasa umeiweka mezani hapo kwako Sakina, Arusha, ili kesho asubuhi uipasue kwa wembe uone tatizo ni nini. Nimeusoma mstari huo mara mbili, kiganja kikaanza kuniwasha. Usiipasue. Usiitikise. Usimwambie hata mdogo wako ailete karibu na taa. Mengine uliyouliza, rangi ya buluu isiyotoka, sijui namna ya kuiongezea nguvu, tutayaona.

Mimi nilikuwa wewe. Krismasi, Kibosho, kwa bibi. Wenye kwao Moshi mnajua ilivyo: Dar nzima inahamia migombani, Noah zimejaa uani, mbuzi ameshaliwa, mbege inazunguka, na kila mtu anatafuta namna ya kuonekana amefanikiwa. Mimi sikuwa na gari la kuonyesha, nikasema nitawaonyesha mbingu. Za dukani bei ilinishinda, nikatengeneza zangu nne. Nilitumia nini sitaandika, humu wanasoma na watoto, na ukinifuata inboksi sikujibu.

Mbili zilipaa. Zilipaa vizuri kiasi kwamba mbwa wa jirani alirudi kesho yake saa nne. Hizo mbili ndizo zilizoniponza, maana kufikia ya tatu nilishajiita injinia.

Ya tatu ikafanya kama yako. Utambi ukawaka, ukaingia, basi. Kamoshi kembamba, kama ka sigara iliyosahaulika kwenye kisosi. Watoto wakaanza kuzomea. Baba mdogo, mtu wa Dar, chupa mkononi: "Imezima hiyo, kaiangalie, unaogopa nini na umeitengeneza mwenyewe?" Nikahesabu mpaka kumi. Nilijiona mtu wa usalama sana kwa kuhesabu. Nikawasha tochi ya simu, nikaenda, nikainama, na kwa akili zangu timamu nikaipuliza.

Sasa niwaambie nilijifunza wapi kupuliza. Kulikuwa na jamaa kwenye kundi moja la Telegram, picha yake ya tai, kila swali ana jibu. Mtu akiuliza kuhusu iliyogoma anajibu: "Ipulizie kidogo tu, moto utaamka." Moto uliamka, ndugu yangu tai. Uliamka ukiwa na hasira za miaka. Nilipomwandikia nikiwa wodini akanijibu kwamba "lazima ulikosea kipimo", halafu akanitoa kundini. Kama unasoma hapa, vidole vyangu vinakusalimu, vinne na nusu.

Haikuwa kishindo cha sinema. Ilikuwa "fuuu" moja ndefu na mwanga mweupe. Harufu ya nywele zangu niliisikia kabla ya maumivu. Mkono wa kulia sijui niliuinua saa ngapi, ila ndio uliokinga uso, na nilipoutazama kwa mwanga wa taa ya uani, ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja kama ganda la nyanya uliyoibabua kwenye makaa. Nyusi zilirudi karibu na Pasaka. Picha za familia za mwaka ule ninafanana na yai.

Upumbavu wa pili ukafuata, na huu ulikuwa wa ukoo mzima. Shangazi akaja na dawa ya meno. Mwingine asali. Mwingine ute wa yai. Wakanipaka, nikawa keki, na bomba la maji lilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Muuguzi aliyekuja kunisafisha hakunigombeza, alikuwa anahema tu, anaitoa dawa ya meno kwenye nyama mbichi kwa pamba, na mimi nikiimba nyimbo zote za kipaimara. Akaniambia kilichohitajika ni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha dakika 20, barafu hapana, kisha kitambaa safi na kuwahi hospitali. Basi.

Wodini nilikaa siku kumi na moja. Kufunga vidonda upya kila baada ya siku moja, mwezi mzima, nikauza pikipiki. Kidole kidogo hakinyooki mpaka leo. Na Krismasi iliyofuata bado nilikuwa nakula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo bibi aliliona kubwa kuliko kulipuka kwenyewe.

Kitu ambacho tai hakuniambia, na ambacho ndicho kinakuhusu wewe na hiyo iliyoko mezani: moto wa fashfash hauhitaji hewa ya nje. Oksijeni umeifungia humo humo ndani, kwenye kemikali zenyewe. Kwa hiyo utambi unaweza kuonekana umekufa huku cheche imejibana katikati ya ulichoshindilia, inatafuna polepole, hujui imefika wapi. Kimya hakimaanishi imezima. Wanaorusha fashfash kwa kazi wana utaratibu: iliyogoma haisogelewi, haiwashwi mara ya pili, unasubiri dakika 20 au zaidi, kisha inazamishwa kwenye ndoo ya maji. Mimi nilihesabu kumi. Sekunde.

Utasema yako ni ya tangu jana, imeshapoa. Sawa, sasa tazama picha uliyoweka mwenyewe. Nyuma ya sahani naona maboksi ya kiberiti kama thelathini. Kichwa cha njiti kina klorati ya potasiamu na salfa, na hao wawili wakikutana wakiwa unga hawahitaji moto, msuguano unawatosha. Uingereza walipiga marufuku kuwachanganya kwenye fataki tangu 1894, kwa sababu ya ajali. 1894, mkuu, Moshi ilikuwa haijaona hata reli. Na wewe unataka kuingiza wembe humo, uanze kukwangua, ili "ujifunze". Utajifunza.

Ya kuongeza nguvu sijibu. Ya kibali nimeona hukuuliza, nakuuliza mimi: unacho? Baruti hapa kwetu ina sheria yake, na kila Desemba polisi wanatangaza kuhusu fashfash bila kibali. Baba mdogo alipoulizwa hospitali nimeunguaje alisema ni jiko la gesi. Bibi alikuwa amesimama pembeni, anapikia kuni tangu azaliwe.

Buluu, hiyo nikuonjeshe kidogo kwa kuwa nami iliwahi kunikosesha usingizi. Nyekundu hutoka kwenye strontiamu, kijani bariamu, njano sodiamu, buluu shaba. Tatizo la shaba ni kwamba kinachotoa rangi hiyo huvunjika moto ukizidi, na ukipungua huoni kitu. Hata viwanda vikubwa duniani buluu huwasumbua. Wewe una meza ya kulia chakula na mizani ya kupimia mchele.

Sasa nimeona uko hewani, alama ya kijani inawaka. Watoe watoto chumbani kwanza. Jaza ndoo maji, jaza kweli, isogeze, izamishe taratibu bila kuiinamia usoni, iache humo usiku kucha, na ndoo ikae uani mbali na jiko. Kama inatoa joto, moshi au harufu, usiiguse kabisa, tokeni wote nje upige 114 zimamoto waje, aibu itapita. Hizo nyingine ambazo hujawasha nazo ziende majini. Najua umetumia hela. Mimi nilitumia pikipiki.

Ukimaliza rudi uandike hapa neno moja tu, "imezama". Silali mpaka nilione.