Maswali na Majibu: Siku ya kutembea Passau kabla ya kuendesha baiskeli hadi Vienna

Wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu njia ya baiskeli inayofuata mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria. Leo najibu yanayohusu siku ya kwanza, ile ya kutembea mjini kwa miguu, maana ndiyo wengi wanayoikata ili kuokoa muda.

Tunafika Passau saa nne asubuhi. Kwa nini tusianze safari siku hiyohiyo?

Laleni Passau, nawasihi. Mtakaa na mto huo kwa zaidi ya kilomita 300, na hakuna mahali pazuri pa kuujua kama hapa. Mji wa kale umejengwa kwenye kipande chembamba cha ardhi katikati ya Danube na Inn, na mto wa tatu, Ilz, unaingia kutoka kaskazini. Tembeeni hadi kwenye ncha kabisa, mahali panapoitwa Dreiflüsseeck. Inn unatoka milima ya Alps ukiwa na vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu, ndiyo maana maji yake yana ukijani uliofifia. Ilz unapita kwenye misitu yenye udongo wa mboji, na maji yake yamekoza kama chai ya rangi. Mito hiyo ikikutana, rangi hazichanganyiki papo hapo. Zinakwenda bega kwa bega kwa kitambo.

Kisha pandeni ngome ya Veste Oberhaus, iliyoanza kujengwa mwaka 1219, mtazame yote hayo kutoka juu. Pale ndipo mtaona jinsi Inn ulivyo mpana. Kwa wastani wa mwaka, Inn huleta maji mengi kuliko Danube wenyewe, ila jina lililobaki ni la Danube.

Mimi si mtu wa makumbusho. Kuna nini cha kuona bila kukata tiketi?

Nenda kwenye jengo la zamani la halmashauri ya mji, Altes Rathaus, upande wa Danube, utazame ukuta wake. Umechorwa alama za mafuriko, kila moja na mwaka wake. Alama ya Juni 2013 iko juu ya kichwa cha mtu mzima. Mto ulifika mita 12.89, kiwango ambacho mji haukuwa umekiona tangu 1501. Simama chini ya alama hiyo, kisha geuka uuangalie mto ulivyo mbali na tulivu. Kwangu mimi ukuta huo unafundisha kuliko kabati zima la vitabu. Baada ya hapo, mkitandaziwa ramani na kuambiwa kipande cha njia kimefungwa kwa sababu ya maji, hamtabishana na mtu.

Ukipata nusu saa, ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano. Moto wa mwaka 1662 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mafundi kutoka Italia, akiwemo msanifu Carlo Lurago, wakalijenga upya. Kinanda chake kina mabomba karibu 18,000.

Nasafiri na mama, ana miaka 63 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Baiskeli ataiweza kuliko ngazi, dada yangu, kwa kuwa njia ya mtoni ni tambarare sehemu kubwa. Ngazi za hija za Mariahilf, zote 321, mwacheni azitazame kwa mbali. Mpelekeni kando ya Inn, kwenye njia tambarare inayopita mnara mweupe wa mviringo, Schaiblingsturm. Avae viatu vya soli nene, kwani vichochoro vya mji wa kale vimetandikwa mawe. Mkimwona anachoka, pumzikeni. Siku hiyo si ya mazoezi.

Sheria za barabarani nijifunze wapi?

Hapohapo, ukiwa bado kwa miguu. Alama ya duara la bluu yenye baiskeli nyeupe inakulazimisha kutumia njia hiyo. Ikiwa na mtu na baiskeli, angalia mstari: ukiwa wima, kila mmoja ana upande wake, ukiwa umelala, mnatumia njia moja. Kwenye mitaa ya waenda kwa miguu shuka usukume, isipokuwa kibao kiwe kimeruhusu baiskeli. Magari yanakwenda kulia, na kwenye makutano yasiyo na alama wala taa, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Hili la mwisho lirudie hadi likukae, kwa sababu linahusu nchi zote mbili. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 12, Austria inamtaka avae helmeti.

Tukifika Jumapili?

Maduka mengi Ujerumani hufungwa. Mpira wa ndani, pampu na vyakula vya njiani nunueni Jumamosi.

Viza tuombe ubalozi gani?

Viza moja ya Schengen inatosha nchi zote mbili. Ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa safari hii mara nyingi ni Austria, hata kama mnaingilia Ujerumani. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000.

Kesho yake tuanzie upande gani wa mto?

Mimi ningeanza kaskazini, nipite Obernzell hadi Jochenstein, nivuke juu ya bwawa la umeme na kuendelea kusini hadi Schlögen, ambako mto unajikunja na kurudi ulikotoka. Njiani mtaona vibao vya kilomita vikipungua. Danube huhesabiwa kuanzia mdomoni, kwenye Bahari Nyeusi: Passau ni karibu 2,226, Vienna karibu 1,929. Tumieni vibao hivyo kupanga mapumziko.