Moyo unakimbia na unataka kwenda India? Pata kwanza ile karatasi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sakina, Arusha kaniandikia inbox, moyo wake unaanza tu ghafla kukimbia halafu unatulia wenyewe, na ndugu wameshaanza kuchanga aende India. Anauliza hospitali gani nzuri. Dada yangu, kabla ya hospitali nikuulize, una ECG, ile karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, iliyopigwa WAKATI moyo unakimbia?

Maana hicho ndicho kilichonitesa mimi miaka. Nafika hospitali moyo umeshatulia, wanapima presha iko poa, ECG iko poa, naambiwa mama una mawazo, kapumzike. Baba mkubwa akasema ni mambo ya ukoo. Shemeji akasema nakwepa kazi za shamba, na hilo neno mpaka leo halijashuka.

Sasa siku hiyo ukanishika stendi ya Moshi mchana kweupe, nikapanda boda mpaka kituo cha afya cha karibu, foleni sikuijali, nikawaambia nipimeni saa hii hii unakimbia! Nesi akanibandika zile waya kifuani, karatasi ikatoka mistari imebanana, mapigo 200 kwa dakika wakati mtu aliyetulia anatakiwa awe kati ya 60 na 100. Daktari akasema hii ni SVT, yaani moyo kukimbia ghafla kwa hitilafu ya umeme wake. Nililia pale pale, jamani kumbe naumwa kweli.

Hiyo karatasi ndo iliyonifungulia milango. Daktari wa moyo akanielewesha kwamba moyo unaendeshwa na umeme, mimi nina kanjia ka ziada, umeme ukiingia humo unazunguka kama gari lililokosa pa kutokea kwenye kiplefti. Dawa zinapunguza tu, ila kuna ablesheni, wanapitisha waya nyembamba kwenye mshipa hapa kwenye nyonga mpaka kwenye moyo, wanauchokoza ukimbie, wakiiona ile njia wanaichoma. Kifua hakipasuliwi. Kwa SVT ya aina yangu inafanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90. Nilikuwa macho, nikausikia wanavyoukimbiza, nikamuita Mungu kwa majina yote, halafu wakachoma, wakauchokoza tena na tena ukagoma kukimbia!

Kwa hiyo dada, karatasi kwanza. Halafu onana na daktari wa moyo, uliza kama JKCI, ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar, wanaweza kukusaidia kabla hujauza kitu. Ikibidi kusafiri, tuma hiyo karatasi hospitali zaidi ya moja, waandike bei yote, kitanda na vifaa vikiwemo. Kuna dalali alitaka kunipeleka anakotaka yeye, bei hataki kuiandika, nikamkimbia. Hospitali ikikupa barua ndo unaomba viza ya matibabu, na msindikizaji anaombewa ya kwake. Dawa za kupunguza mapigo usiziache kwa akili yako, watakwambia lini uziache, maana ukiwa nazo mwilini moyo unaweza kugoma kuchokozeka wasione kitu. Ila ukizimia au kifua kikabana, hapo usisubiri safari, kimbilia emergency.

Na nyie wanaukoo mnaochanga sendoff mpaka ukumbi unajaa, mgonjwa anapata pole kwenye group na emoji za mikono, mbadilike. Mchango wangu mkubwa ulitoka kwa mama muuza ndizi sokoni Mbuyuni ambaye hata si ndugu yangu. Mtu akikwambia moyo unamkimbia muamini, mpeleke akapimwe saa hiyo hiyo.

Ukimaliza huko dai ripoti yote na karatasi zote za ECG, usikubali kutumiwa baadaye, daktari wako wa huku atazitaka siku ya kliniki.